Maoni yanayopingana juu ya Death Magnetic ya Metallica: masikio yako hayajakudanganya

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni msichana wa Kisauni, na kwa miaka mitatu sasa muziki wa hevi metali ndio ninaousikiliza kuliko wowote mwingine. Majuzi nilinunua CD ya mtumba ya Death Magnetic, albamu ya Metallica ya mwaka 2008, na nimeshindwa kuyaelewa maoni ya waliotangulia kuisikiliza. Wapo wanaosema kwamba hapa ndipo bendi iliporudi nyumbani baada ya kupotea, na wapo wanaosema kwamba haisikilizeki. Mimi nyimbo zake nazipenda, lakini nikifika wimbo wa tatu au wa nne kichwa huanza kuniuma, na ngoma zinapokolea nasikia mkwaruzo. Kaka yangu anasema amplifaya yangu imekwisha, niitupe. Nimwamini nani?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Amplifaya usiitupe. Mkwaruzo unaousikia umo ndani ya CD yenyewe, uliingia wakati albamu ilipokuwa ikitengenezwa Marekani, na ungeusikia hata kama ungekuwa na mitambo ya bei ya nyumba. Ama hao wanaopingana, nimewasikiliza kwa miaka mingi sasa, na nimeona kwamba wengi wao hawapingani kweli. Mmoja anazungumzia nyimbo zilivyotungwa na kupigwa, mwingine anazungumzia namna zilivyofungwa zikaingia sokoni. Wote wawili wana haki, ila kila mmoja anadhani kwamba mwenzake anazungumzia jambo lile lile.

Kabla ya kuniamini mimi, jaribu mwenyewe. Subiri usiku, magari yakipungua barabarani, kisha uweke wimbo wa nne, The Day That Never Comes, unaoanza kwa gitaa laini na kuishia kwa kasi kubwa. Weka sauti iwe ndogo, kiasi kwamba mtu akizungumza karibu nawe unamsikia bila kumwomba arudie maneno yake, na usikilize kwa makini sehemu ya mwisho, ngoma na magitaa yanapokimbizana. Amplifaya iliyozidiwa nguvu hukwaruza ukiifungulia, na ukiipunguza hutulia. Mkwaruzo uliorekodiwa haujali kitufe chako umekigeuza wapi, kwa hivyo utaufuata hadi kwenye sauti ndogo kabisa, ukiwa mdogo lakini ule ule. Baada ya hapo weka CD nyingine unayoiamini, kwa mfano ile ya bendi hiyo hiyo ya mwaka 1991 yenye jalada jeusi, bila kugusa kitufe. Ikiwa hiyo inatoka safi, kaka yako atakuwa amepata jibu lake.

Lakini sisi wa Pwani tuna ugonjwa mwingine ambao lazima nikutajie. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi hula vitufe vya sauti, matundu ya nyaya na hata ule ukingo laini unaoshikilia koni ya spika. Kelele za chumvi huzijua kwa kuwa huja unapogeuza kitufe au unapogusa waya, na upande mmoja huweza kukatika na kurudi. Hizo hazifuati muziki. Mkwaruzo wa Death Magnetic huufuata muziki: huja na pigo la ngoma na kuondoka nalo.

Sasa niseme juu ya bendi, kwa sababu maoni ya watu juu ya albamu hii hayaeleweki bila kujua walitoka wapi walipoisikia. Metallica ilianzishwa Los Angeles mwaka 1981 na James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa, pamoja na Lars Ulrich, mpiga dramu. Albamu zao za miaka ya 1980 ndizo zilizowafundisha vijana wengi duniani kwamba muziki wa kasi unaweza kuwa na milango na vyumba vingi kama nyumba za Mji wa Kale, ukaingia huku na kutokea kule. Mwaka 1986 walimpoteza mpiga besi wao, Cliff Burton, katika ajali ya basi huko Sweden. Albamu iliyofuata, ya mwaka 1988, ilitoka besi yake ikiwa karibu haisikiki, na wasikilizaji wakalalamika, na bado wanalalamika. Ndiyo kusema wapenzi wa bendi hii walikuwa na desturi ya kusikiliza namna kitu kilivyorekodiwa muda mrefu kabla ya mwaka 2008.

Kisha ikaja St. Anger mwaka 2003. Haikuwa na solo za gitaa hata moja, na snea ya Ulrich, ile ngoma ndogo ya dramu yenye mlio mkali, ililia kama mtu anayepiga debe tupu kwa mwiko. Watu waliokuwa wameipenda bendi hiyo kwa miaka ishirini waliumia kweli. Kwa hivyo Death Magnetic ilipotoka tarehe 12 Septemba 2008, ikiwa na nyimbo kumi na urefu wa karibu dakika 75, ikiwa na solo za Kirk Hammett zimerejea mahali pake na mpiga besi mpya Robert Trujillo akisikika katika albamu yake ya kwanza na bendi hiyo, furaha ya wengi ilikuwa furaha ya mtu aliyerudishiwa mgonjwa wake akiwa mzima. Nchini Marekani ziliuzwa nakala 490,000 hivi katika siku tatu za mwanzo. Prodyuza alikuwa Rick Rubin, ambaye aliwahimiza warudie fikra walizokuwa nazo katikati ya miaka ya 1980, na mtu yeyote anayezijua kazi za wakati ule huisikia nia hiyo tangu wimbo wa kwanza.

Mimi binafsi naziheshimu nyimbo hizi. All Nightmare Long ina uzito na akili kwa pamoja, na The Day That Never Comes inajua kujenga, haina pupa. Wale wanaosema kwamba albamu ni ndefu mno nakubaliana nao kwa sehemu, maana nyimbo kadhaa zilikwisha kusema neno lake katika dakika ya sita na bado zikaendelea hadi ya nane, na ule wimbo usio na maneno, unaokaribia dakika kumi, ungenufaika kwa mkasi. Hayo, hata hivyo, ni maoni. Mtu mwingine mwenye masikio mazuri kuliko yangu anaweza kusema kinyume chake, na hatutakuwa na chombo cha kutuamua.

Suala la sauti halimo katika fungu hilo. Hapo chombo kipo.

CD huhifadhi muziki kwa kuupima mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kina kiwango cha juu kisichoweza kupitwa. Sisi mafundi hukiita kiwango hicho dari. Pigo la ngoma lina kilele chembamba kirefu kinachodumu kwa kitambo kifupi sana, na ni kilele hicho kinachokufanya uhisi kwamba ngozi imepigwa na mkono au kijiti. Magitaa na sauti ya mwimbaji huwa chini yake, yakiwa mapana na yenye kudumu. Sasa, ukitaka albamu yako isikike kubwa kuliko ya jirani yako, na dari haisogei, njia iliyobaki ni moja: uvibane vilele vishuke, kisha uinue vyote vilivyobaki vijae hadi juu. Kwa kiasi kidogo kazi hiyo ni halali, na hakuna rekodi ya kisasa isiyobanwa kidogo. Ukizidisha, pigo la ngoma linapoteza ncha yake na kuwa kishindo butu. Ukizidisha tena, vilele vinagonga dari na kukatwa juu, mawimbi yanakuwa na vichwa bapa kama meza, na sikio huyasikia mawimbi ya namna hiyo kama mkwaruzo. Huo ndio mkwaruzo wako.

Usichanganye kubana huku na kule kubana kwa faili za MP3, ambako ni kupunguza ukubwa wa faili ili liingie kwenye simu. Nimewaona vijana wengi wakibishana kwa sababu ya neno hilo moja, huyu akisema kwamba yeye ana CD halisi kwa hivyo haiwezi kuwa imebanwa. CD yake ni halisi na faili lake halijapunguzwa chochote, lakini muziki ulikuwa umekwisha kubanwa kabla ya kuandikwa humo.

Kipo kipimo ambacho wasikilizaji wenyewe hukitumia, kinachoitwa DR, na kwa ufupi kinalinganisha vilele vya wimbo na nguvu ya wastani ya sehemu zake zenye sauti kubwa zaidi. Tofauti ikiwa kubwa, ngoma zina nafasi ya kuruka. Ikiwa ndogo, kila kitu kimesukumwa kwenye ukuta mmoja. CD ya Death Magnetic hupata 3. Kwa bendi ya watu wanne wanaopiga vyombo halisi hicho ni kiwango cha kusikitisha, kwa sababu maana yake ni kwamba kati ya kishindo cha ngoma na mvumo wa magitaa karibu hakuna ngazi iliyobaki ya kupandia.

Na hapo ndipo kichwa chako kinapoanza kuuma. Muziki unaopanda na kushuka hulipa sikio mapumziko bila wewe kujua. Muziki usioshuka huchosha, hata kama sauti si kubwa, na watu wa kazi yangu wanaukumbuka uchovu huo wa saa nzima mbele ya spika. Mwili wako ulikuambia jambo la kweli mapema kuliko kipimo chochote.

Nakueleza haya kwa uchungu kidogo kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuifanya dhambi hiyo. Zamani, enzi za kaseti, nilirekodi taarab ya harusi mtaa wa Kuze, usiku kucha, kwa vinasa sauti viwili tu. Palikuwa na fidla, udi, taishokoto, tabla na mwimbaji mmoja mama wa makamo ambaye ufundi wake wote ulikuwa katika kushusha sauti: alikuwa akifika kwenye neno zito la ubeti anakaribia kunong'ona, na wanawake wote ukumbini wananyamaza kumsikiliza. Muuzaji wa kaseti aliniambia kwamba wenye matatu hawatainunua kwa kuwa sehemu nyingine hazisikiki garini. Nikaibana. Nikauinua mnong'ono ukalingana na kiitikio, nikazishusha tabla zikalingana na mnong'ono, na kaseti ikauzika vizuri. Mzee aliyepiga fidla alikuja siku moja nayo mkononi, akaketi, akaisikiliza upande mzima pamoja nami, kisha akaniuliza yule mama amekwenda wapi. Sauti yake ilikuwemo, kila neno lilisikika, na bado nilimwelewa. Mtu anayeshusha sauti na mtu anayeipandisha walikuwa wamekuwa mtu mmoja anayepiga kelele. Kanda ya asili nilikuwa nimekwisha rekodi juu yake kitu kingine. Tangu siku hiyo sijaibana kazi ya mtu bila kuweka kando nakala isiyoguswa.

Kwa Death Magnetic, bahati ya ajabu ni kwamba nakala ya kulinganisha ilipatikana, na walioipata ni wasikilizaji wa kawaida. Wakati albamu ilipotoka, nyimbo zake zilitolewa pia kwa ajili ya mchezo wa video wa Guitar Hero, ule ambao mchezaji hushika kigitaa cha plastiki na kubonyeza vitufe kufuata wimbo. Mchezo huo unahitaji gitaa, besi, ngoma na sauti vikiwa mbalimbali, kwa sababu mchezaji akikosea, chombo chake lazima kinyamaze huku vingine vikiendelea. Hivyo nyimbo zilikwenda kwa watengenezaji wa mchezo zikiwa zimegawanywa, bila ule ubanaji wa mwisho unaofanywa vitu vyote vikiwa vimekwisha kuunganishwa. Watu wakausikia wimbo ule ule kwenye mchezo, wakashangaa kwamba ngoma zina mwili na mkwaruzo haupo. Kwa kipimo kile kile cha DR, toleo la mchezo huzidi 10. Wakaweka picha za mawimbi ya matoleo mawili pamoja, moja likiwa na vilele kama mistari ya kuchana, jingine likiwa kama tofali, na mjadala ambao ungeweza kubaki wa ladha ukawa wa macho pia.

Maelfu ya wasikilizaji walitia saini ombi la kuitaka bendi iichanganye albamu upya, yaani iziunganishe upya sauti za vyombo vyake. Ted Jensen, fundi mashuhuri wa New York aliyepewa kazi ya mwisho ya kuitayarisha albamu kwa kuchapishwa, alimjibu msikilizaji mmoja kwamba michanganyiko ilimfikia ikiwa imekwisha kubanwa hadi darini na kwamba hakuwa mtu wa kujivunia matokeo yake. Jibu hilo likasambaa. Lars Ulrich kwa upande wake alisema hadharani kwamba ameridhika na sauti ya albamu, na kwamba aliisikiliza garini akaifurahia. Simshutumu kwa uongo. Namwamini kabisa kwamba garini ilimpendeza, na hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo watu wengi wanaohukumu maoni ya wenzao hulisahau.

Panda matatu ya kutoka Buxton kwenda Bamburi, iwe na spika za kutosha chini ya viti, dereva aiweke Death Magnetic. Utaipenda. Injini inaunguruma, madirisha yako wazi, kondakta anaita abiria, na kelele hizo zote zinaufunika ule upande wa chini wa muziki, hivyo mnong'ono wowote ungepotea. Muziki uliobanwa ukawa wote juu haupotezi kitu mahali pa namna hiyo, maana kilichoondolewa kisingesikika hata hivyo, na mkwaruzo unafichwa na mikwaruzo ya gari lenyewe. Mtu aliyeisikia albamu mara ya kwanza katika hali hiyo, au kwa spika ndogo za kompyuta, au kwa simu akiwa kwenye foleni ya feri Likoni, ana haki ya kusema kwamba haoni tatizo. Yule aliyeketi chumbani kimya na hedifoni nzuri ana haki ya kusema kwamba ameshindwa kufika mwisho. Wewe unasikiliza nyumbani usiku, na kwa hivyo uko upande wa huyu wa pili, wala hujakosa ushabiki.

Kwa sababu hiyo, nikisoma au nikisikia maoni juu ya rekodi yoyote huuliza kwanza yule mtu alisikiliza toleo gani, kwa chombo gani, na mahali gani. Huuliza pia alitoka kusikiliza nini. Aliyetoka St. Anger aliiona Death Magnetic kama kisima jangwani. Kijana aliyeanza na albamu ya mwaka 1986 akaja moja kwa moja kwenye hii, bila kupita kwenye kiangazi, aliiona kama nakala ya kitu kilichokwisha kufanywa vizuri zaidi. Na huangalia maneno yenyewe. Anayesema kwamba albamu ni mbaya amenipa hukumu tu, siwezi kufanya nayo lolote. Anayesema kwamba snea haina ncha, au kwamba mkwaruzo unaanza pale ngoma ya mguu, ile kubwa inayopigwa kwa kanyagio, inapoingia, amenipa ushahidi ninaoweza kuutafuta, hata ikiwa hajui jina la kitaalamu la kitu alichokisikia. Walalamikaji wa mwaka 2008 wengi hawakujua neno moja la studio. Walisema inaumiza, inapasuka, haipumui, na kila neno kati ya hayo lilikuwa sahihi.

Kuna mtego mmoja katika kulinganisha, na mafundi wenyewe hunaswa nao. Wanasayansi wawili, Fletcher na Munson, walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sikio halisikii besi na sauti nyembamba vilivyo mpaka sauti iwe kubwa. Matokeo yake, ukiweka rekodi mbili moja baada ya nyingine, ile iliyo kubwa kidogo tu itaonekana kuwa na besi nene na mng'ao zaidi, na utaitangaza bora kabla hujaisikiliza kweli. Ndiyo maana makampuni ya rekodi yalishindana kupandisha sauti kwa miaka yote ile. Kwa hivyo mtakapolinganisha, wewe na kaka yako, ipunguze CD iliyobanwa mpaka sauti ya mwimbaji katika rekodi zote mbili ilingane masikioni, kisha ndipo mtoe neno. Nimeona watu wakigeuza uamuzi wao kwa hatua hiyo moja.

Malalamiko ya wasikilizaji hayakwenda bure. Mwezi Novemba mwaka huo huo wa 2008 bendi ya Guns N' Roses walitoa albamu yao Chinese Democracy, na fundi wao Bob Ludwig alieleza kwamba aliwapa matoleo yaliyobanwa kwa viwango mbalimbali nao wakachagua lile lililoachiwa upana wake wote, yaani tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, jambo lililomshangaza, na akalihusisha na hasira za wasikilizaji na waandishi dhidi ya rekodi zilizobanwa kupita kiasi. Metallica wenyewe walipotoa albamu yao ya mwaka 2016 haikuwa imesukumwa ukutani kwa kiasi kile. Siku hizi pia faida ya kupiga kelele imepungua, kwa sababu huduma kubwa za kusikiliza muziki kwa intaneti hupima ukubwa wa kila wimbo na kuushusha ule uliozidi ili ulingane na wengine. Ukiiweka Death Magnetic huko, inashushwa, na inabaki na ubapa wake bila ile sauti kubwa iliyonunuliwa kwa ubapa huo. Nikiifikiria nasikitika, kwa sababu watu wanne walipiga kwa nguvu zao zote ndani ya chumba, na aliyezipunguza nguvu hizo alifanya hivyo akitaka zionekane zaidi.

Mkwaruzo ulio ndani ya CD hauondoki. Vilele vilivyokatwa havimo tena, na hakuna kitufe cha kuvirudisha; programu zinazodai kuvirudisha hukisia tu umbo lililokuwepo. Ukipunguza kidogo sauti nyembamba kwenye amplifaya, makali yatapungua, na huo ndio msaada pekee ninaoweza kukushauri kwa nakala uliyonayo. Njia bora ni kutafuta toleo la iTunes lililotayarishwa upya mwaka 2015, ambalo limeachiwa upana mkubwa kuliko CD ya mwanzo. CD yako usiiuze. Iweke kwa ajili ya garini.

Ukitaka kuona kwa macho, programu ya kuhariri sauti iitwayo Audacity ni ya bure na hata kompyuta ya zamani huiendesha. Ingiza wimbo wa kwanza, That Was Just Your Life, unaofunguliwa na mapigo ya moyo, halafu gitaa peke yake, kisha bendi nzima. Utaona mwanzo una vilima vidogo vyenye nafasi kati yake, na ghafla ukuta. Mwite kaka yako aketi mbele ya hiyo picha, umchezeshee wimbo huku kidole chako kikiwa mahali ukuta unapoanza, na umwombe asikilize ngoma za mguu pale kidole kinapopita. Akikubali, mwambie pia alete bomba dogo la dawa ya kusafishia vitufe kutoka duka la vifaa vya umeme, kwa maana amplifaya iliyokaa Kisauni bila kusafishwa, hata ikiwa nzima, haikosi chumvi.